Ajali Haina Kinga? Somo Juu ya Usalama Mahali pa Kazi

Wasomaji wetu wote wanaijua mithali isemayo kwamba ajali haina kinga. Wazee huitumia msibani, na mwenye mali huitumia akitaka kuwatuliza jamaa za mtu aliyeumia. Mithali hiyo ina ukweli wake. Mtu aweza kupigwa na radi akitoka kuchota maji, na hapana wa kumlaumu. Walakini na twende pamoja mpaka kwenye kinu cha kusagia mahindi, kama vile vilivyo katika masoko mengi ya mashambani, tukaipime mithali hiyo mahali ambapo neno "kinga" ni kitu cha bati kiwezacho kushikwa kwa mkono.

Katika kinu hicho mota huzungusha gurudumu, na gurudumu huvuta mkanda mrefu uendao mpaka kwenye mashine yenyewe. Pale mkanda unapoingia katika gurudumu pana mdomo. Kidole kikifika pale, au ncha ya leso, au mkono wa sweta, huvutwa ndani kabla mtu hajapata kupiga kelele. Aliyeitengeneza mashine alilijua jambo hilo, naye akaufunika mkanda kwa sanduku la bati, ndilo kinga. Basi kinga iko wapi leo? Aghalabu iko nyuma ya ghala, imeshika kutu, na kuku hutagia ndani yake.

Tuseme kijana wa kinuni amekatwa vidole vitatu. Watu wanakusanyika, wengine wanalia, na mara neno linazuka kwamba kijana huyo ni mzembe. Mwenye kinu anasema, "Nilimwambia mara nyingi awe mwangalifu." Pengine ni kweli alimwambia. Kijana mwenyewe hana la kujibu, kwa kuwa mkono wake ndio ulioingia katika mkanda, wala si mkono wa mtu mwingine.

Fikira hiyo, kwamba ajali hutoka katika uzembe wa mfanya kazi, ilipata nguvu nyingi kwa sababu ya kitabu kilichotolewa huko Marekani mwaka wa 1931. Mwandishi wake, Herbert William Heinrich, alikuwa mtumishi wa kampuni ya bima. Alikusanya habari za maelfu ya ajali za viwandani, akasema kwamba katika kila ajali 100, ajali 88 husababishwa na matendo ya hatari ya watu, 10 husababishwa na hali mbaya ya mashine au mahali, na 2 tu haziwezi kuzuiwa. Kwa mabwana wa viwanda hesabu hiyo ilikuwa habari njema. Kama 88 katika 100 ni makosa ya watu, basi dawa yake ni rahisi: bandika matangazo ukutani, waonye watu, na mkaidi umfukuze.

Lakini na tuulize, habari zile ziliandikwa na nani? Nyingi zilitoka katika taarifa za waajiri na wasimamizi. Ni nani aketiye kuandika barua ya kujishtaki mwenyewe? Msimamizi akiulizwa kwa nini mtu wake ameumia, huandika kwamba mtu yule hakuwa mwangalifu. Haandiki kwamba mkanda ulikuwa wazi tangu masika ya mwaka uliopita, naye mwenyewe alipita hapo kila siku akauona. Kwa hiyo wataalamu wengi wa siku hizi hawazitegemei tena hesabu zile, ijapokuwa Heinrich mwenyewe alisema jambo moja ambalo lingali na faida: kwamba nyuma ya kila ajali kubwa zipo ajali ndogo nyingi, na nyuma ya hizo yapo matukio mengi zaidi ambayo hayakumdhuru mtu, na mwenye busara huyatazama hayo. Leso iliyoraruliwa na mkanda Jumanne ni habari ya vidole vitakavyokatwa Ijumaa.

Tena uko upungufu mwingine katika kumwambia mtu "uwe mwangalifu." Kwa hatari nyingine uangalifu haufai kitu. Mtu akishuka katika kisima kirefu pamoja na pampu ya petroli ili kuyaondoa maji, moshi wa injini huleta hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Macho hayaioni, pua haiijui. Mwangalifu na mzembe hufa sawasawa, na ndugu anayeshuka kumwokoa hufa juu yake, na wa tatu juu ya hao wawili. Afaaye hapo ni yule aliyekataza, kabla ya siku ile, injini isishushwe kisimani kamwe, akanunua bomba refu au pampu ya umeme yenye kufaa. Huyo amewaokoa watatu bila kumwonya hata mmoja.

Sasa na tulitazame jibu la pili, ambalo ni sheria. Huko Uingereza, mapema kama mwaka wa 1844, sheria ya viwanda iliamuru kwamba mashine zizungukazo zizungushiwe kinga, kwa kuwa watoto na wanawake wa viwanda vya nguo walikuwa wakivutwa na mikanda. Katika Kenya sheria ya viwanda ilitungwa mwaka wa 1950. Nayo ilisema habari za kinga za mashine, matangi ya mvuke, minyororo ya kuinulia mizigo, milango ya kukimbilia wakati wa moto, vyoo na maji ya kunywa. Wakaguzi walipewa uwezo wa kuingia kiwandani, kuuliza, na kumpeleka mwenye kiwanda kortini. Mwaka wa 1990 sheria hiyo ilipanuliwa ipate kuhusu mahali pengine pa kazi, wala si viwanda tu, na mwaka wa 2007 ikafutwa na sheria mpya ya usalama na afya kazini, ambayo tutaieleza hapa chini.

Sheria ya namna ile ilifanya kazi kubwa, na yeyote asemaye kwamba haikufaa kitu hajui viwanda vilivyokuwa kabla yake. Hata hivyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, mkaguzi ni mmoja na vinu ni vingi. Akija leo, hatarudi upesi, na kinga iliyorudishwa asubuhi ya kuja kwake huweza kurudi kwa kuku jioni. Ya pili, sheria ihesabuyo vitu kimoja kimoja hujua hatari za jana tu. Waingereza walilitambua hilo walipounda kamati mwaka wa 1970 chini ya Lord Robens. Kamati ilipotoa taarifa yake mwaka wa 1972, ilisema kwamba sheria zimekuwa nyingi mno, na kwamba wingi huo umewafanya watu wadhani usalama ni kazi ya serikali. Usalama, ilisema, ni kazi ya wale wazaao hatari na wale waishio nayo, yaani waajiri na wafanya kazi.

(Yafaa kukumbuka kwamba Lord Robens huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa shirika la makaa ya mawe la Uingereza tarehe 21 Oktoba 1966, siku ambayo kilima cha takataka za machimbo kiliporomoka juu ya shule ya kijiji cha Aberfan, katika Wales, kikaua watu 144, na katika hao 116 walikuwa watoto. Wasomaji watajiamulia wenyewe kama aliyeungua ndiye aujuaye moto.)

Matokeo ya taarifa ile yalikuwa sheria ya mwaka wa 1974, isemayo kwa ufupi kwamba kila mwajiri na aitazame kazi yake mwenyewe, azijue hatari zake, na kuziondoa kwa kadiri iwezekanavyo. Hapo ndipo lilipotokea jibu la tatu, nalo ndilo ninalotaka tulikalie zaidi: kwamba usalama ni namna ya kuipanga kazi. Habari ifuatayo itaonyesha maana yake, nayo ni habari ya kuhuzunisha.

Katika bahari iliyoko kati ya Scotland na Norway kulikuwa na jukwaa kubwa la chuma lililoitwa Piper Alpha, mahali pa kutoa mafuta na gesi chini ya bahari. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 walikuwapo watu 226. Si watu wajinga. Wengi wao walikuwa mafundi hodari, wenye vyeti na kofia na viatu vya chuma, na kazi yao ilikuwa na utaratibu wa vibali: hapana atakayefungua chombo bila karatasi yenye sahihi.

Zilikuwapo pampu mbili za kusukuma mafuta mepesi yaliyo karibu na gesi. Mchana ule pampu ya kwanza ilisimamishwa. Mafundi waliondoa valvu yake ya usalama ili wakaipime, na mahali pake wakaweka kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa kwa ajili ya kushika nguvu ya gesi. Jioni ilipofika kazi haikwisha, na valvu haikurudishwa. Kibali cha valvu kilikuwa karatasi moja, na kibali cha matengenezo ya pampu ile ile kilikuwa karatasi nyingine. Vibali vya kazi zilizoahirishwa viliwekwa katika ofisi nyingine, si katika chumba cha waendeshaji. Zamu ya mchana ilipowaachia zamu ya usiku, neno juu ya valvu halikusemwa.

Yapata saa nne kasorobo usiku pampu ya pili ilizimika, ikakataa kuwaka. Bila pampu, umeme wa jukwaa zima ungekatika. Watu wa zamu wakatafuta karatasi. Wakaona kibali cha matengenezo ya pampu ya kwanza, wakafahamu kwamba matengenezo hayo hayajaanza, na kwamba pampu yaweza kuwashwa. Karatasi ya valvu hawakuiona. Wakaiwasha. Gesi ikatoka kwa nguvu penye kifuniko kile, na ilipofika saa nne ukatokea mlipuko wa kwanza.

Hayo peke yake yangeua watu, lakini si wengi kiasi kile. Kuta za jukwaa zilijengwa kuzuia moto, si kuzuia mlipuko, nazo zikavunjika. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa zisijiwashe zenyewe, kwa kuwa wapiga mbizi walikuwa majini na ilihofiwa wasije wakavutwa na maji. Nia ilikuwa njema, lakini baada ya mlipuko hapakuwa na mtu aliyeweza kuzifikia. Majukwaa mawili ya jirani, Tartan na Claymore, yaliyounganishwa na Piper Alpha kwa mabomba, yaliuona moto kwa macho, na hata hivyo yakaendelea kusukuma mafuta na gesi kwa kitambo. Kusimamisha kazi kulikuwa jambo la gharama, na wakubwa wa pale hawakujiona kuwa na uhuru wa kufanya hivyo pasipo neno kutoka juu. Watu wengi walikusanyika katika nyumba ya kulala, kama walivyofundishwa, wakingoja ndege isiyoweza kutua katika moshi ule. Waliookoka ni 61, na wengi wao ni wale waliojitosa baharini. Pamoja na waokoaji wawili, waliokufa ni watu 167.

Sasa, msomaji, mtafute mzembe wa kumfukuza. Ni yule aliyeweka kifuniko? Aliambiwa pampu haitawashwa. Ni yule aliyewasha pampu? Aliitafuta karatasi kama ilivyoamriwa. Jaji aliyeongoza uchunguzi, Lord Cullen, alitoa taarifa yake Novemba 1990 yenye mapendekezo 106, nayo yote yakakubaliwa. Jambo kubwa lililomo ni hili: wenye jukwaa wasingoje mkaguzi aje na orodha yake. Wao wenyewe waandike hatari kubwa zilizoko kwao, waeleze ni nini kitakachozizuia, na waonyeshe kwamba watu wataweza kukimbia zikitokea, nao wasiruhusiwe kufanya kazi mpaka maandiko hayo yamekubaliwa. Zamani mkaguzi alipaswa kuonyesha kosa, tangu hapo mwenye kazi alipaswa kuonyesha usalama.

Turudi kinuni kwetu. Kinu hakina gesi wala wapiga mbizi, lakini ugonjwa ni ule ule. Mtu mmoja yumo ndani ya mashine akiondoa mahindi yaliyokwama, na mwingine aliye mlangoni, asiyejua, anawasha swichi. Tumwambie nini yule wa mlangoni? Awe mwangalifu? Hakumwona mwenzake. Dawa inayojulikana katika viwanda vizuri ni kufuli. Kila aingiaye kuitengeneza mashine huifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa katika mfuko wake. Wakiwa watatu, makufuli ni matatu, na mashine haitawaka mpaka wote watatu wametoka. Hapo usalama hautegemei kumbukumbu ya mtu, wala karatasi iliyo katika ofisi nyingine.

Na kinga iliyotupwa? Usimwulize kijana kwa nini ameiondoa kwa sauti ya hakimu, kwa maana atakudanganya. Mwulize kwa sauti ya fundi mwenzake. Atakwambia kwamba mkanda hulegea, hasa mahindi yakiwa mabichi, na kuukaza ni lazima afungue nati nne, na spana ni moja, nayo imeazimwa. Foleni ya akina mama imefika barabarani, na mwenye kinu anahesabu magunia. Nani angeirudisha kinga ile? Hata mimi ninayeandika haya nisingeirudisha. Kwa hiyo kosa limo katika nati, katika spana, katika hesabu ya magunia, na mwisho kabisa ndipo tufike kwenye mkono wa kijana.

Kuna mpango ufuatwao na wataalamu katika kuchagua dawa, nao huanza na iliyo imara na kumalizia na iliyo dhaifu. Kwanza, je, hatari yaweza kuondolewa kabisa, kama mota kuunganishwa na mashine pasipo mkanda? Kama haiwezekani, yaweza kubadilishwa kwa iliyo ndogo? Kama sivyo, ifungiwe, ndiyo kazi ya kinga. Maonyo na mafunzo hufuata baadaye, na glovu na miwani huwa mwisho. Watu wengi huugeuza mpango huo juu chini, huanza kwa kununua glovu. Tena wapaswa kujua kwamba karibu na kitu kizungukacho glovu yaweza kuwa adui, kwa sababu hunaswa kwa urahisi kuliko ngozi, na ikinaswa huuvuta mkono wote.

Jambo jingine la kujihadhari nalo ni mbao zile zitangazazo siku nyingi zilizopita bila ajali, pamoja na zawadi kwa wafanya kazi zikitimia mia. Zinapendeza machoni. Lakini mtu aliyekatika kidole siku ya tisini na tisa atakifunga kwa kitambaa na kunyamaza, asije akawanyima wenzake zawadi. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, wakubwa walikuwa wamekwenda kwenye chombo kiitwacho Deepwater Horizon, na miongoni mwa mambo waliyoyasifu ni miaka saba bila mtu kuumia hata akakosa siku ya kazi. Usiku ule ule kisima kililipuka, wakafa watu 11. Hesabu za vidole hazikuwa zimesema lolote juu ya kisima.

Sasa sheria ya Kenya ya mwaka wa 2007. Yenyewe inamtaka mwajiri apime hatari za mahali pake, na kila mwaka mahali pa kazi pakaguliwe na mtu mwenye idhini. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wajumbe wa pande mbili, wa wakubwa na wa wafanya kazi. Mfanya kazi aonaye hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe mtu hapo hatari hiyo ingalipo. Tena sheria inakataza mtu kufukuzwa au kuonewa kwa sababu amesema. Akifa mtu kazini, ofisi ya usalama iarifiwe kwa muda wa saa 24.

Neno lile la kutofukuzwa ndilo zito kuliko yote, na mimi najua kwamba karatasini ni jepesi kuliko mbele ya bwana. Mji wa Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, ulikuwa na jengo liitwalo Rana Plaza, lenye viwanda vya kushona nguo, maduka na benki. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika nguzo, na watu wakatolewa. Kesho yake benki haikuwarudisha watumishi wake. Washonaji waliamriwa kurudi, na wengi waliogopa kupoteza mshahara wa mwezi. Asubuhi ile jengo likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Nyufa hazikufichika kwa mtu. Kila mshonaji alizijua, ila hapakuwa na mlango wa kupitishia maneno yake.

Kinu chenye watu watatu hakina kamati, wala sheria haikidai. Lakini mwenye kinu aweza kuketi na vijana wake juu ya magunia asubuhi ya Jumatatu, kabla ya mota kuwashwa, akauliza swali moja: wiki iliyopita, ni kitu gani kilichokaribia kumdhuru mtu? Mara ya kwanza watanyamaza. Mara ya pili mmoja ataitaja leso. Hapo asikasirike, wala asitafute ni nani aliyekuwa kazini siku hiyo. Amwite fundi wa kuchomelea. Sanduku la bati litolewe nyuma ya ghala, upande wake mmoja ukatwe na kutiwa wavu ili mkanda uonekane bila kufunguliwa, kisha litiwe bawaba mbili na komeo badala ya nati nne. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na kufuli la swichi huuzwa katika duka lo lote pale pale sokoni.